Kigingi cha Kitalu cha Saba

Picha ya kitalu cha saba ilikuwa na mtu ndani yake, na wakati inapigwa hapakuwa na mtu.

Bingwa, mchora ramani wa mradi wa kurudisha mikoko, aliikuza kwenye kompyuta. Kichwa, mabega, kiuno. Chini ya hapo, matope. Jamaa aliinua uso akiitazama droni. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Na huyo mdogo wake alikuwa meza ya pili, anatafuna karanga.

"Kaka, mbona miguu yangu inakufa ganzi?"

"Uzee huo. Tafuta mke!"

Alimtania, akaifunga picha haraka. Kila mwezi maji yakipwa, droni ilirushwa kutoka kigingi kile kile, ili ramani ya leo ilale juu ya ile ya jana. Miche ya mdogo mtu, ya kitalu cha saba, ilishamiri. Ya Bingwa ilisimama kama njiti za kiberiti. Na Bi Mkubwa wa mradi alikuwa akitafuta msimamizi mmoja tu. Mtoto aliyembeba mgongoni aje kumtuma yeye? Thubutu! Basi kabla ya picha hii alikuwa ameking'oa kigingi cha mdogo wake, akakichomeka hatua arobaini mbele, kwenye uwanda mtupu ambao wapandaji wote waliukwepa, wakisema una mwenyewe. Ramani ikaonyesha miche yote imekufa.

Mwezi uliofuata, pichani mdogo wake alikuwa amezama hadi shingoni. Nyumbani alilala hoi, akikohoa maji ya chumvi.

Bingwa akatoka mbio mchana kweupe, nyundo mkononi, tope likimvuta viatu, kaa wakimkimbia kana kwamba ndiye anayenuka, na kila alipokaribia kigingi harufu ya vitu vilivyooza ikazidi, hadi sauti ya kike ikamnong'oneza kutoka chini ya nyayo:

"Umenipimia mwenyewe. Aliyemo ni wangu. Unamtaka? King'oe, sikuzuii."

Akakishika. Simu ikaita.

"Bingwa," alisema Bi Mkubwa, "roho yangu ilikuwa kwa mdogo wako. Nakuuliza mara ya mwisho: kitalu cha saba ni kitupu kweli?"

Roho yangu ilikuwa kwa mdogo wako. Maneno hayo yakamwingia kama pilipili jichoni.

"Kitupu, Bi Mkubwa."

"Basi msimamizi ni wewe."

Akainua nyundo, akakipigilia kigingi.

"Kaka!" mtu akaita kutoka chini ya tope.

Akapiga tena.