Neno Moja Kwenye Karatasi ya Ekografi

Fidélie aliuza mikate mtaa wa Panda, na wateja wakipungua alisoma chochote kilichopita mbele yake: mifuko ya unga, vibao vya maduka, hata maandishi kwenye fulana za watu. Mwaka uliopita alikuwa amemaliza darasa la watu wazima pale parokiani. Alijua kusoma Kiswahili na Kifaransa kidogo, na tangu hapo macho yake hayakupata likizo. Mumewe Firmin, fundi wa umeme, alimtania kwamba siku moja atasoma hata nyufa za ukuta.

Sasa alikuwa na mimba ya wiki nane, ya kwanza katika miaka sita ya ndoa. Alipimwa ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya tumbo, akauona moyo wa mtoto ukidunda. Akapewa karatasi ampelekee mkunga. Njiani akaifungua, akakutana na neno analolijua: kyste, yaani uvimbe wa ndani ya tumbo. Shangazi yake alipasuliwa kwa sababu ya kyste, akapona kwa shida. Badala ya kwenda kwa mkunga, alirudi nyumbani.

Mama mkwe wake, maman Gertrude, alipoambiwa habari hiyo hakupoteza muda. Alichemsha mizizi ya kusafisha tumbo ili kyste itoke, akamwekea kikombe mezani. Alimpenda mkwewe, hilo halina ubishi, ila upendo wake ulikuwa na haraka. Fidélie alikishika kikombe. Aliiogopa kyste, lakini alimwogopea zaidi mtoto. Akakiweka chini.

“Maman, minye nilisoma neno moja tu,” alisema. “Karatasi iko na mistari mingi. Naenda kwanza kuuliza.”

Kumkatalia mama mkwe si mchezo. Lakini alienda.

Mkunga Joëlle aliisoma karatasi yote pamoja naye, mstari kwa mstari. Alimweleza kwamba kyste ni kifuko chenye maji, na vifuko hivyo si vya aina moja. Kila mwezi yai linapotoka, huacha kifuko kidogo mahali lilipokuwa. Mimba ikiingia, kifuko hicho huitunza wiki za mwanzo, mpaka kondo la nyuma likue na kuipokea kazi hiyo. Kisha mara nyingi hunywea chenyewe.

“Weye ulisoma muzuri, lakini ulisimama ku neno moja,” Joëlle alisema. “Hii yako inafanana na ile ya kutunza mimba. Tutaiangalia tena. Kama unasikia maumivu makali, ao damu inatoka, ao unazimia, kuya hapa kwangu palepale. Na ile mizizi, hapana kunywa. Inaweza kuharibu mimba.”

Wiki sita baadaye alipimwa tena. Kifuko kilikuwa kimenywea, na mtoto alirusha miguu kama anayecheza. Jioni Fidélie aliisoma karatasi mpya kwa sauti mbele ya familia, kuanzia jina lake hadi sahihi ya daktari, akieleza kila mstari. Firmin alijivuna kana kwamba ni yeye aliyemfundisha.

Maman Gertrude alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia chumbani, akatoka na karatasi ya hospitali kuhusu macho yake. Tangu Pasaka hakuwa amemwonyesha mtu, kwa kuogopa kilichoandikwa humo.

“Unisomee yote,” alisema. “Na kesho tutaenda pamoja kuuliza.”