Gololi ya Baiskeli

Kila alipotoka shule, Hajra alikuta kazi zinamsubiri. Alivua sare, akateka maji, kisha akashika ungo na kupepeta ufuta. Msimu wa ufuta pale Nambambo, Nachingwea, hauchagui mkubwa wala mdogo. Kila mwenye mikono ana la kufanya.

Wiki ile uani kulikuwa na kazi nyingine. Gari la baba yake, Bashiri, lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, tumbo wazi. Lilikuwa gari la otomatiki, na lilikuwa linaumwa. Kila lilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilipiga kelele gari lisiende, kisha likawarusha watu mbele kama punda aliyechapwa ghafla.

Bashiri hakusomea ufundi. Alijifunza kwa kutazama mafundi kwenye simu, na kwa kuharibu vya kwake kabla ya kugusa vya watu. Alikuwa amefungua gia boksi na kutoa valvu bodi, bamba nene la aluminiamu lililochimbwa vijia vingi kama kichuguu cha mchwa. Humo ndimo mafuta ya gia hupita na kuamua gia ipi iingie, ipi itoke. Ndani yake mna valvu, springi na gololi ndogo za chuma zinazofunga na kufungua vijia hivyo.

Alichukua ungo mkubwa wa mkewe, akautandika kitambaa cheupe, akapanga juu yake kila kipande kwa mpangilio ule ule kilivyokaa ndani. Valvu moja ilikuwa imeng'ang'ania kwa uchafu. Aliiosha kwa petroli mpaka ikawa inateleza yenyewe tunduni mwake bila kusukumwa.

"Ugonjwa wenyewe ndio huu," alisema kwa sauti yake ya chini. "Hajra mwanangu, ungo huu usiguswe. Hata kuku asipite karibu."

"Sawa, baba."

Adhana ya alasiri ilipolia, Bashiri alinawa mikono akaenda msikitini. Mara upepo ukaanza kuvuma, upepo mzuri wa kupepetea, na mama alikuwa ameacha maagizo kabla ya kwenda shambani: "Upepo ukija usiuache upite. Nikirudi nikute ufuta safi."

Ungo mwingine ulikuwa umetoboka. Hajra alisimama akiutazama ule mkubwa. Akajiambia kwamba akikibeba kile kitambaa taratibu, akakilaza kwenye sinia, atapepeta haraka na kukirudisha kabla baba hajatoa salamu ya mwisho ya swala.

Alikamata pembe nne za kitambaa na kuinua. Kitambaa kikabonyea katikati. Gololi moja ikaviringika, ikaruka ukingo, ikatumbukia kwenye lundo la makapi ya ufuta, walikokuwa kuku wanachakura.

Hajra alipiga magoti. Alichambua makapi kwa vidole, akachambua tena, akafukuza kuku, akawatazama midomo. Hakuona kitu.

"Unatafuta nini, au kuku wako katema dhahabu?" Sauti ilitoka kwenye ua wa miti. Alikuwa Enock, wa darasa lake, mtoto wa mwalimu aliyehamishiwa pale kutoka Mbeya.

Hajra alimweleza huku sauti ikimkatika.

"Sasa unalilia nini? Gololi ni gololi tu," alisema Enock. "Kule nyumbani nina gurudumu bovu la baiskeli, limejaa gololi. Nakuletea moja, baba yako hata hatajua."

Aliileta mbio. Hajra aliifuta kwa mafuta ya taa, akaiweka palepale ilipokuwa ile ya kwanza, jirani na mshono wa kitambaa. Kwa macho zilifanana kama mapacha. Bashiri aliporudi, ungo ulikuwa mahali pake, na Hajra alikuwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Kesho yake baba alirudishia vipande kimoja kimoja. Alipofika kwenye gololi, alizihesabu kwa ncha ya kidole. "Zimetimia," alisema. Hajra alifungua mdomo aseme, mama akatokea jikoni.

"Baba Hajra, gari litakuwa tayari? Mwanabibi siku zake zimekaribia."

Mwanabibi, dada yake Hajra, alikuwa ameolewa Mandawa, upande wa Ruangwa. Mimba hii ilikuwa ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi.

"Kesho alfajiri namfuata," alisema Bashiri. "Hajra atanisindikiza, amshikie dada yake mizigo."

Hajra alifumba mdomo. Neno likarudi chini kama tonge lisilotafunwa.

Alfajiri waliondoka. Kila baba alipokanyaga mafuta, Hajra alishika kiti kwa mikono miwili akisubiri kelele. Gia ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, laini kama mtu anayevua kandambili. Walipita Ruangwa mjini, wakashika barabara ya vumbi, wakafika Mandawa salama.

"Limepona!" Bashiri alicheka peke yake.

Hajra naye akaanza kupumua. Pengine Enock alisema kweli. Pengine gololi ni gololi tu.

Mwanabibi aliingia kiti cha nyuma pole pole, mkono mmoja kiunoni. "Hajra, mbona umekonda? Unaogopa kuitwa mama mdogo?"

Hajra alijaribu kucheka, ikashindikana.

Jua lilikuwa limepanda waliporudi. Walipofika katikati ya mlima waliouteremka asubuhi, injini ikapiga ukelele. Gari likatetemeka, likaishiwa nguvu. Bashiri alikanyaga breki, lakini changarawe ilikuwa laini, na gari likaserereka nyuma kuelekea korongo lililokuwa kando ya barabara.

"Baba!" alipiga kelele Mwanabibi.

Bashiri alivuta breki ya mkono. Gari likasimama likiwa limeinama.

"Hajra, shuka! Weka jiwe nyuma ya tairi!"

Hajra aliruka chini. Alibeba jiwe ambalo siku nyingine asingeliweza, akalisukuma nyuma ya tairi. Alipoinua kichwa, alimwona dada yake kupitia kioo, uso umekunjamana, ameng'ata ncha ya mtandio.

"Baba," alisema Mwanabibi, "naona uchungu umeanza."

Bashiri alishuka, akazunguka gari mara moja, akasimama. "Sahani za klachi zimeungua," alisema. "Nilidhani ugonjwa ni valvu, kumbe ni zaidi. Nikilazimisha tena, linaweza kutuangusha humo korongoni."

Bodaboda ilikuwa inapanda mlima taratibu. Bashiri aliipungia mkono. "Kijana, utaweza kumfikisha mgonjwa hospitali ya Ruangwa?"

Dereva alimtazama Mwanabibi, akaitazama barabara yenye mashimo na makorongo madogo. "Kwa hali hiyo, mzee? Nitajaribu, lakini asiponishika vizuri, mimi sijui."

Mwanabibi alianza kushuka huku machozi yakimtoka. Hajra aliutazama mguu wa dada yake ukitafuta ardhi, na hofu aliyokuwa nayo ya kuchapwa ikawa ndogo mbele ya hofu hii mpya.

"Baba, asipande!" alipiga kelele. "Si klachi! Ni mimi!"

Wote waligeuka.

"Nilihamisha vyuma vyako nipate ungo wa kupepetea. Gololi moja ikapotea kwenye makapi. Nikaweka ya baiskeli. Enock alinipa, lakini mimi ndiye niliyeiweka."

Alifumba macho kusubiri kofi. Halikuja.

"Gololi ipi?" aliuliza baba. Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Fikiri kwanza. Ilikuwa wapi kwenye kitambaa?"

"Jirani na mshono. Ile iliyokaa peke yake, kando ya springi ndefu."

Bashiri alitazama chini, midomo ikicheza kama anayesoma. "Hiyo ni ya njia ya gia ya tatu," alisema hatimaye. "Asubuhi mafuta yalikuwa ya baridi, mazito, yakaziba mwanya yenyewe. Sasa yamepata moto, yamekuwa mepesi, yanavuja pembeni ya gololi iliyopwaya. Basi gia ya kwanza na ya pili ni nzima, zina njia zake."

Alimshukuru yule wa bodaboda, akamrudisha Mwanabibi kitini. Alivuta mkono wa gia mpaka kwenye namba mbili, gari lisipate nafasi ya kutafuta gia ya tatu. Akakanyaga mafuta kidogo kidogo. Gari likajivuta kutoka kwenye jiwe, likapanda, likapanda, mpaka kileleni. Hajra alilikimbilia nyuma, akaingia, akamshika dada yake mkono. Waliingia Ruangwa kwa mwendo wa baiskeli, Mwanabibi akihema, Bashiri akimhesabia pumzi.

Jioni ile hospitalini Mwanabibi alijifungua mtoto wa kike. Mama, aliyekuja kwa basi kutoka Nachingwea, alimpakata mjukuu. Alipoelezwa yote, alimtazama Hajra kwa jicho kali, kisha akainamisha kichwa. "Na mimi nilikuhimiza mno na upepo wangu wa ufuta," alisema.

Walipokwisha kurudi nyumbani, Bashiri alifungua tena gia boksi. Kwa fundi mmoja wa Nachingwea alipata gololi sahihi kutoka gari lililokufa. Aliiweka kiganjani mwa Hajra pamoja na ile ya baiskeli, kisha akapitisha kipimo chake cha chuma juu ya zote mbili. Ya baiskeli ilikuwa ndogo kwa unene wa karatasi tu.

"Unaona? Macho hayakuweza kuijua," alisema. "Mafuta yaliijua."

"Nisamehe, baba."

Bashiri alikiweka kipimo chini. "Mimi pia nilikosea, nikachukua chombo cha watu cha kazi nikakigeuza meza yangu. Na kupoteza gololi kunaweza kumpata yeyote, hata mimi. Ungeniambia siku ile, ningekasirika mpaka magharibi, kesho yake ningetafuta nyingine. Lakini ulinipa uongo, nami nikampandisha dada yako mlimani juu yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Ukiogopa kunieleza jambo, njoo ukiwa na hofu yako hivyo hivyo. Kosa nililoambiwa naweza kulitengeneza. Nililofichwa nitaliendesha barabarani bila kujua."

Akamsogezea valvu bodi. Hajra aliichukua gololi sahihi kwa vidole viwili, akaiweka kwenye tundu lake. Ilikaa bila kucheza.