Jua Halikai Katikati

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wa darasa la sita walifagia, wakafunga madirisha, kisha wakakimbilia kwenye ukuta wa maktaba. Ukuta huo ulikuwa ukichorwa galaksi yetu, Njia Nyeupe, kwa ajili ya siku ya wazazi. Mchoraji alikuwa fundi mabango wa mtaani, mjomba wake Katu.

Katu lilikuwa jina la utani. Wenzake walimpachika binti huyo kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Ukimwomba jibu wakati wa mtihani, "Katu." Ukimshawishi akwepe zamu ya kufagia, "Katu." Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwaeleza wazazi mchoro huo Jumamosi.

Alhamisi alipofika ukutani, alisimama kama aliyepigwa msumari. Galaksi ilikuwa na upana wa mita mbili, mikono yake imejikunja kama maji yanayozama kwenye karo la kuoshea vyombo. Katikati kabisa lilikaa Jua, la njano, kubwa kama sahani.

"Mjomba, Jua umeliweka wapi?"

"Hulioni? Nikuletee tochi?"

Watoto wakaangua kicheko.

"Naliona. Kwenye mchoro niliokupa lilikuwa pembeni."

Fundi alishuka ngazi taratibu. Alieleza kwamba ili apate duara, hupigilia msumari katikati, akaufunga kamba, akazunguka. Msumari uking'olewa huacha tundu, na tundu hilo yeye huliziba kwa kitu kizuri kuliko vyote. "Bango la mwoka mikate niliziba kwa mkate. Hapa kuna kizuri kuliko Jua?"

"Hakuna, Mjomba. Ila haliko hapo."

"Rangi imeshakauka, mpwa wangu. Kazi yangu hairudiwi."

"Wewe nawe," kiranja wa darasa akadakia. "Nani atakuja kupima? Sema tu 'hili ni Jua letu', watu wapige makofi, twende zetu nyumbani."

"Katu."

"Mjomba wako kajitolea, halafu unamwaibisha mbele za watu?"

Maneno hayo yalimchoma. Alimpenda mjomba wake, na uso ulimwaka moto. Lakini ni yeye atakayesimama pale na fimbo ya kuonyeshea.

"Nikilionyesha hapo nitakuwa nimewadanganya wazazi wote. Na wadogo zetu ukuta huu utawadanganya kila siku. Sisemi. Tafuteni mwingine."

Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alijikuna kichwa. "Ni kweli anachosema. Lakini siku zimetubana. Labda tutarekebisha mwakani."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha," Katu alisema.

Mwalimu akampisha ukutani.

Katu akanyoosha mkono. "Mjomba, naomba futi yako ya kupimia."

Fundi alisita, akampa.

"Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru hukimbia mwaka mzima bila kupumzika," Katu alisema. "Galaksi yetu ina upana wa miaka ya nuru kama laki moja. Hapa imekaa kwenye mita mbili, kwa hiyo sentimita moja ni miaka mia tano. Kutoka katikati hadi kwenye Jua ni kama miaka elfu ishirini na sita." Akaivuta futi, akatia alama kwa chaki. "Sentimita hamsini na mbili. Hapa."

Fundi hakuwahi kuamini kipimo cha mtu mwingine. Aliichukua futi, akapima mwenyewe. Akapima tena.

"Nusu mita na ushee," alinong'ona. "Na mimi bango likipinda upana wa kidole silali." Akamtazama mpwa wake. "Ukubwa wake je?"

"Hata ncha ya sindano ni kubwa mno. Humu mna nyota zaidi ya bilioni mia moja."

"Basi mnaniachia nini cha kuchora?" alinung'unika, lakini tayari alikuwa akikoroga rangi.

Ijumaa jioni, pale katikati paling'aa vitone visivyohesabika. Mbali kidogo, mshale ulielekea kwenye kitone kimoja cha njano.

Jumamosi, mzazi mmoja alikitazama kwa mashaka. "Yaani Jua lote lile ndicho hiki? Na mmelitupa pembeni?"

"Hatukulitupa, mama. Ndiko linakokaa," Katu alijibu bila kutikisika.

Wazazi walianza kunong'ona. Mjomba akajitokeza mbele.

"Mimi nililiweka katikati, kwa mazoea," alisema. "Watoto waliona, mwalimu aliona, wote wakataka kunistahi kwa kunyamaza. Huyu alikataa. Wanangu, kumheshimu mkubwa si kuliacha kosa lake likauke ukutani. Mwambie kwa adabu, mwonyeshe kipimo, na akikukasirikia usibanduke. Mimi nilikasirika hata nikikoroga rangi, na bado alikuwa sahihi."