Kwa Nini Ua la Oyoo Lilipinda

Lavington nzima hakuna aliyekata ua la kayaba kama Oyoo. Ukuta wake wa majani ulinyooka kama rula. Ajabu ni kwamba miaka miwili nyuma hakuweza hata kuinua makasi. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa kazi. Dada yake, Maurine, akakata shauri, akampa figo moja. Madaktari wakampandikiza, naye akarudi bustanini.

Tangu hapo, saa moja asubuhi na saa moja jioni, alimeza dawa ya kuuzuia mwili usiikatae ile figo. Hakukosa hata siku moja.

Mwaka huu mbalungi wa Mama Kanchan, mwajiri wake, ulizaa kupita kiasi. Matunda yake yalikuwa makubwa kuliko machungwa, na machungu kidogo.

"Kula, Oyoo," Mama Kanchan alimwambia. "Tunda ni zuri kwa mwili."

Naye akala. Balungi moja kila asubuhi.

Wiki ya tatu, Kisilu, askari wa geti, aliangua kicheko. "Oyoo, hii fensi imelewa ama ni wewe?"

Ua lilikuwa limepinda. Oyoo akatazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Akaitia mifukoni haraka. Aliogopa sana. "Ni hizi dawa," aliwaza. "Nitaziacha kidogo."

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Jioni hiyo Maurine alikuja kumwona, akaona chai ikimwagika kikombeni, akambana mpaka akasema yote.

"Uache dawa? Wewe!" alifoka. "Nilipasuliwa tumbo ndio uishi. Kesho asubuhi tuko kliniki."

Kliniki, muuguzi Ndambuki alimtoa damu, kisha akauliza, "Kuna kitu kipya umeanza kula?"

"Hakuna, sista. Ni matunda tu."

"Matunda gani?"

"Balungi."

Ndambuki akaweka kalamu chini. "Hapo sasa! Balungi huuzuia mwili kuivunja dawa yako. Dawa inarundikana kwenye damu. Inatetemesha mikono, na inaweza kuharibu hiyo figo."

"Hata tunda? Nani angejua?"

"Ndiyo maana unauliza kwanza. Hata miti shamba, uliza. Na usiache dawa mwenyewe, mwili utaikataa figo. Tena dawa hii hupunguza kinga. Ukishika mbolea, vaa glavu na barakoa. Ukipata homa, kuja siku hiyo hiyo."

Vipimo vikarudi. Dawa ilikuwa imezidi, ila figo ilikuwa salama. Maurine alilia kwa furaha bila kujificha. Daktari akampangia Oyoo kipimo kipya cha dawa.

Mama Kanchan alisikitika, kisha mabalungi yote akampa Kisilu.

Wiki mbili baadaye Maurine alipita Lavington. Akafumba jicho moja, akalikagua ua kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Limenyooka," alisema. "Figo yangu inafanya kazi."

"Yetu," Oyoo akajibu, akavaa glavu zake.