Kugonga Mara Mbili

Jumatatu, tarehe 12 Februari 1979. Asubuhi hiyo upepo mkavu ulivuma, na vumbi lilifunika njia ya Gotu hata jua halikuonekana vizuri.

Mahamud aliswali alfajiri, akawasha lori lake. Alikuwa akipeleka mbuzi soko la Isiolo. Vioo vyake vya pembeni vilivunjwa zamani na miti ya miiba, naye hakununua vingine. Madereva wa mbuzi walikuwa na desturi yao. Utingo alikaa juu, akamtazamia dereva nyuma. Akigonga kebini mara moja, dereva alikaa upande wake. Akigonga mara mbili, nyuma kulikuwa kweupe, dereva alihama.

Utingo wake alikuwa Halkano, kaka wa mkewe, Mako.

Mbele upande wa kushoto ulikuwa mashimo matupu. Mahamud akasikia: ko, ko. Akakata usukani kulia. Kumbe ndani ya lile vumbi Rimberia, muuza miraa, alikuwa akimpita. Rimberia alikwepa, pikapu yake ikabingirika. Alikufa kabla ya kufika hospitali.

Mahamud aliwaambia polisi na majirani kwamba Halkano aligonga mara mbili. Halkano aliapa kuwa hakugonga. Vumbi, alisema, lilimziba macho, hivyo hakutoa ishara yoyote. Hakuna aliyemwamini. Alipoteza kazi, na kila lori lilimkataa. Sokoni walimwita Mara Mbili. Mako alimpakulia mumewe chakula, akaenda kukaa na kaka yake. Na kila Mahamud aliposujudu, alisikia ule mlio.

Jirani yao Kaimenyi, mwalimu wa udereva, alikuja siku moja.

"Uliuona mkono wa shemeji yako ukigonga?"

"Niliusikia."

"Sikuuliza ulisikia nini. Pakia mbuzi. Halkano abaki hapa na dada yake."

Kaimenyi mwenyewe aliendesha, Mahamud kando yake. Kwenye mashimo karibu na nyumba mbuzi walisukumana, pembe zikapiga ubao ulio nyuma ya kebini.

Ko, ko.

Mahamud alichungulia dirishani. Kule nyuma, kwenye lango la nyumba, Halkano alikuwa amesimama, mikono mfukoni. Mahamud akajifunika uso.

Kaimenyi hakumbembeleza. "Utingo anakusaidia tu. Anayehama njia ni wewe. Funga vioo vipya vya pembeni, pande zote mbili. Kabla ya kuhama, tazama kioo, washa indiketa, ngoja, tazama tena. Kwenye vumbi washa taa, upunguze mwendo. Kama huoni nyuma, usihame."

"Na yule anayetaka kunipita?"

"Apige honi, angoje mpaka aone mbele. Rimberia hakungoja. Lakini yeye hatuwezi kumfundisha tena."

Vioo vilifungwa. Siku chache baadaye, akitoka Kinna, Mahamud alitaka kukwepa shimo, akaona Landrova kiooni. Akakaa upande wake. Ikapita salama, na dereva akainua mkono. Mahamud hakufurahi. Aliwaza kwamba Rimberia naye angepita hivyo.

Alienda polisi akasahihisha maneno yake. Kisha akaenda kwa Gaceri, mjane wa Rimberia, pamoja na Mako, Halkano na Kaimenyi. Majirani walikuwepo. Gaceri hakumkaribisha kiti.

Mahamud akasema akiwa amesimama, "Mama, Halkano hakugonga. Ni mimi niliyehama bila kuona, nikamtwika yeye kosa. Mnisikie nyote, na Mungu anasikia: sitahama tena upande wangu mpaka nione nyuma kwa macho yangu mwenyewe. Na yeyote akiniuliza nani alimuua Rimberia, sitataja jina la mtu mwingine."