Herufi Kumi na Mbili kwa LIBOKE7

Nilikuwa nimeshavaa blauzi yangu nyeupe ya kazi mume wangu alipofunga mlango wa chumba… kwa nje!

Ufunguo ulizunguka mara mbili. Krak. Krak.

“Hugues! Unafanya nini?”

“Maternité watatafuta infirmière mwingine. Wewe iko bibi ya nyumba.”

“Lakini Jumatatu natia sinyatire ya kontra ya kazi!”

“Bon. Njo maana utabakia humo mupaka Jumanne.”

Jamani, naitwa Tania, muuguzi niliyekuwa kwenye majaribio ya kazi kwenye maternité, yaani hospitali ya wazazi. Hii ilinipata hapa hapa Kisangani, kwenye parcelle yetu, yaani kiwanja chetu, mtaani Mangobo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Dirisha lina vyuma. Simu alikuwa ameshaninyang'anya.

Kisha nikamsikia akimwambia mama yake mzazi, Mama Marthe, tuliyekuwa tukikaa naye:

“Mama, chunga ufunguo. Huyu anataka kukimbia na docteur mumoja.”

Docteur gani?! Nililia, nikapiga mlango hadi mikono ikavimba.

“Mama Marthe! Anakudanganya! Fungua!”

“Nyamaza, mutoto. Mambo ya ndoa mutaongea na bwana yako.”

Basi. Chakula alikuwa akikisukuma chini ya mlango kwenye sahani bapa. Kila nilipomwita, alijibu neno moja tu: “Nyamaza.”

Jumapili, mnamo saa tano ya asubuhi, nikakumbuka tablette yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Ilikuwa chini ya nguo za kufua. Chaji asilimia kumi na tisa! Na ilikuwa inashika wifi ya pharmacie, duka la dawa la jirani!

Nikafungua WhatsApp: inadai namba ya simu. Facebook: Hugues amebadilisha neno la siri. Nilitaka kuivunja ukutani.

Kilichofunguka ni kimoja tu… mchezo wa karata!

Ni ule wa karata za mashujaa: unatupa yako, mwenzako anajibu. Hauna sehemu ya kuandikiana. Lakini wikendi ile walikuwa wameweka hali ya haraka, ya siku tatu tu. Sekunde kumi kwa kila karata, dakika mbili mchezo umeisha. Na kwa sababu ya mbio hizo, wanakukutanisha na watu walio karibu nawe, ili mtandao usichelewe.

Watu walio karibu!

Tena hali hiyo iliruhusu kubadilisha jina kabla ya kila mchezo. Nafasi kumi na mbili. Nikafuta jina langu, nikaandika:

NIMEFUNGIWA.

Wa kwanza akanitumia kile kikatuni cha kucheka. Wa pili naye. Wa tatu akanimaliza kwa karata nne, akaondoka.

Saa tano na nusu. Hali ile inafungwa saa sita kamili. Chaji kumi na moja.

Wa nne alijiita LIBOKE7. Huyu alicheza taratibu mno, kama mtu anayesoma. Mchezo ulipoisha, akabonyeza kitufe cha kurudia. Jina lake lilikuwa limebadilika:

KWELI?

Mtu amenisoma! Nikaandika: KWELI. Tukacheza. Natupa karata ovyo, sekunde zinakimbia… ilimradi mchezo uishe nipate kuandika tena!

WAPI? akauliza.

MANGOBO.

NANI KAFUNGA

BWANA YANGU.

Dakika mbili mbili, herufi kumi na mbili kumi na mbili. Chaji tano. Saa sita kasoro dakika sita. Akarudi:

FUNGUO NANI?

Nikaandika bila kufikiri:

MAMA MARTHE.

Mchezo ukaanza. Nikatupa karata. Sekunde kumi zikapita, hakujibu. Kumi nyingine… hakujibu. Kioo kikaandika: mpinzani wako ameondoka.

Tablette ikazima.

Nilikaa chini sakafuni. Hata machozi hayakuja. Nikajiambia, ndiyo basi, Jumatatu inapita na mimi niko humu.

Krak.

Krak.

Mlango ukafunguka! Mama Marthe alisimama pale, kitambaa kimemtoka kichwani, simu mkononi. Alikuwa analia kama mtoto.

“Tania… ni mi njo LIBOKE7.”

“Mama?!”

“Bajukuu balinifundisha ile mucheza. Nilikuwa nahurumia mutu, nasema nitaenda kumutafutia polisi… Halafu naona jina yangu.”

Yeye akaanza kuingiza nguo zangu kwenye begi.

“Hakuna docteur, eh?”

“Hakuna, Mama. Ni kazi tu.”

“Baba ya Hugues alinifungiaka siku kumi kule Yanonge. Nilikuwa na mimba ya huyu huyu Hugues. Na leo ni mimi nimeshika ufunguo!”

Tulipofika kwenye lango, Hugues huyo, anashuka kwenye pikipiki ya kukodi!

“Mama! Unamupeleka wapi?”

Mama Marthe alimshika mkono, akaubandika ule ufunguo kwenye kiganja chake.

“Unataka mutu wa kufungia? Nifungie mimi. Naingia sasa hivi. Kuja ufunge!”

Majirani walishatoka. Hugues aliangalia chini. Nikapita mbele yake, nikapanda pikipiki ile ile aliyoshuka.

Jumatatu nilitia sahihi. Leo nakaa mtaa wa Makiso kwa dada yangu, na wiki hii peke yake nimepokea watoto wachanga tisa.

Mama Marthe huja kunisalimia. Namkaribisha, tunakula. Lakini ukiniuliza kama nimemsamehe kabisa… bado. Siku tatu nilimlilia kwa sauti, hatua mbili kutoka kitini kwake, hakunisikia. Lakini mtu asiyemjua, wa kwenye kioo, alimwamini ndani ya dakika ishirini.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa: kama nyumbani kwenu kuna mtu analia nyuma ya mlango, usimuulize aliyefunga. Muulize yeye anayelia!