Mzamiaji Asiyepanda Mlima

Soko la Mwanjelwa, Mbeya, lilikuwa limefurika siku Didas Kalinga alipong'ang'ania nguo nyeusi ya mpira iliyoning'inia kwenye kibanda cha mitumba cha Lusekelo.

"Kamwene, dada. Hili vazi la kuzamia umelipata wapi?"

"Kuzamia nini? Hilo koti la mvua," alijibu Lusekelo, mkono kiunoni, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa. "Halafu wewe Mhehe, na maji wapi na wapi?"

Didas akacheka. Akaeleza kwamba yumo kwenye kikosi kinachopiga picha meli ya abiria iliyozama Ziwa Nyasa enzi za mkoloni. Lusekelo hakuamini hata neno moja, ila namba ya simu alitoa. Moyo ukipenda hauombi kitambulisho.

Mapenzi yakanoga. Tatizo lilikuwa moja: kila Didas akizama, haji Mbeya mpaka kesho yake.

"Nikitoka majini nikapanda milimani mapema, hewa inafanya mapovu kwenye damu, mpenzi. Naweza kupooza."

Lusekelo alishasikia wanaume wakisingizia mvua, mafuta, hata misiba ya mashangazi. Mlima? Hapana, huko chini kuna mwanamke.

Ikafika Jumapili ya kujitambulisha. Wazee wa Didas walikuwa wameshafika kutoka Iringa, wameketi sebuleni kwa baba yake Lusekelo, Iyunga, palepale Mbeya. Simu ikaita.

"Mpenzi, jana ziwa lilichafuka, tumezama leo asubuhi. Siwezi kupanda mpaka kesho."

Nyuma yake sauti ya kike ikasema, "Didas, chai inapoa."

"Nani huyo?"

"Yusta, nesi wetu."

"Nesi wa chai? Malori ya mchele yanapanda huo mlima kila siku, gwe! Usipofika leo, usinijue tena."

Akakata. Wivu haukumpa hata nafasi ya kubadili viatu. Akatokea mlango wa jikoni na gauni lake la sherehe, akapanda basi la Kosta literemkalo Kyela, kule ziwani, akawafumanie.

Kosta iliposimama Tukuyu, katikati ya mlima, akamwona Didas amekaa kando ya barabara, mwanamke kamshika mkono.

"Nimewafuma!"

"Shemeji, afadhali umekuja," alisema Yusta, jasho likimtoka. "Ulipomkatia simu alidandia lori. Nimemkimbiza na gari la kikosi. Mkono umekufa ganzi. Lazima arudi chini, oksijeni iko garini, na hataki!"

"Nikirudi nimekukosa," Didas alinong'ona. "Iyunga si mbali."

Lusekelo akavitazama vile vidole. Havikunjiki. Hofu ikamshika, na aibu juu yake, kwani aliyempandisha mlima ni yeye.

"Ingia garini, mume wangu."

Yusta akamvisha barakoa ya oksijeni, dereva akageuza. Lusekelo akapiga simu nyumbani.

"Baba, wageni wapeni chakula. Didas haji leo. Mimi ndiye niliyemfuata."

"Binti, mwanamke anajipeleka mwenyewe? Unaharibu posa!"

"Naokoa mume, baba."

Akaubana ule mkono wa ganzi. "Unasikia?"

Didas akaitikia kwa kichwa: kidogo. Machozi yakamtoka Lusekelo. Akayafuta, kisha akamgeukia nesi.

"Na wewe dada, una mume?"

"Ninaye, shemeji."

"Haya. Dereva, kanyaga mafuta."